Komeo la Chumba cha Tatu

Masika,

Mambo ya sabuni, ya blanketi na ya kutotembea na simu mkononi kule Kinshasa, shangazi yako Katungu ameshayasema tangu Jumatatu, na ukimwachia nafasi atayasema tena kesho ndani ya gari mpaka uwanja wa ndege wa Mavivi. Mimi sitayarudia. Wala sitakuandikia kuhusu wanaume, maana huko nako ameshapita, tena kwa undani, hata mimi niliyekuwa sebuleni nikatoka kwenda uani kutazama mbuzi, na mbuzi hatuna.

Nina neno moja tu. Nimelibeba miaka kumi, na ningelibeba mpaka kaburini kama si ulichokisema Jumapili.

Mchungaji alikuita mbele ili waumini wakuombee safari, akakupa kipaza sauti, na wewe ukasema: "Nakwenda kusoma architecture juu ya mama yangu. Bote munajua alikufiaka wapi. Mutu moja alimufungia mu chumba, akaenda na ufunguo. Mi nitajenga hôpital ya bagonjwa ya akili yenye haiko na hata ufunguo moja." Kanisa zima likasema Amina. Wamama walilia. Mimi pia nilisema Amina, sauti ilitoka yenyewe.

Tuliporudi nyumbani ukanionyesha mchoro wako. Vyumba vinane vimezunguka bustani, na mahali pa milango umechora mapazia. "Papa, unaona? Hakuna mulango, hakuna mutu wa kufungia mwingine." Nilisema ni mzuri. Na ni mzuri kweli, una mkono mwepesi kuliko wangu. Lakini mchoro wote umesimama juu ya uongo, na uongo huo ni wangu.

Mwanangu, hapakuwa na ufunguo. Hapakuwa hata na tundu la kuuingiza. Mama yako alijifungia mwenyewe kwa komeo la ndani. Komeo hilo nililitengeneza mimi na kulichomelea mimi, kinyume cha mchoro niliopewa, na nilipoambiwa niliondoe nilichelewa. Mwuguzi Kahindo, ambaye mtaa mzima unajua kwamba ndiye aliyemwua mama yako, hakufanya kosa lolote.

Nimeandika. Nilidhani mkono utakataa, haukukataa. Sasa acha nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu unakwenda kujifunza kazi ya kuwajengea watu, na sitaki uanzie pale nilipoanzia mimi.

Ulikuwa mdogo, lakini utakumbuka jinsi tulivyoishi mauaji ya upande wa Beni yalipoanza. Watu walikuja kwenye atelie yangu hapa Mususa na vipimo vya milango kwenye vipande vya karatasi. Wengine hawakuwa na vipimo, walinyoosha mikono tu kunionyesha upana. Hakuna aliyeuliza rangi. Wote waliuliza jambo moja: "Fundi, bale batu bakikuya, huu mulango utakamata dakika ngapi?" Swali hilo ndilo lililonifundisha kazi. Nikaanza kutengeneza mlango wa bati nene unaofungukia ndani, ili wenye nyumba waweze kuuegemezea kitanda na gunia la maharagwe kwa nyuma. Ndani nikaweka makomeo mawili, moja juu, moja chini. Nje sikuweka kitu cha kushika. Bawaba nilizificha ili adui asizikate.

Familia moja ya Beni ilinitumia jogoo, pamoja na habari kwamba mlango wangu ulisimama mpaka kulipokucha. Jogoo yule tulimla pamoja na mama yako, ulipewa paja, na tangu siku ile nikaanza kujiona mtu. Hapo ndipo kiburi kilipoingia. Kiburi cha mtu anayefanya jambo baya watu hukiona haraka, cha anayefanya jambo jema kinakaa naye mezani na wote wanakikaribisha. Mimi kilikaa nami miaka miwili.

Basi kile kituo kidogo cha wagonjwa wa akili kando ya barabara ya Beni kilipotaka jengo jipya la vyumba vinane, mimi ndiye niliyepewa milango na madirisha. Mkuu wa kituo alinikabidhi mchoro. Ulisema milango iwe ya mbao, ifungukie nje, isiwe na komeo la ndani, na mwuguzi aweze kuifungua saa yoyote. Ulisema madirisha yawe chini, mgonjwa aliyeketi kitandani aweze kuona bustani. Nilicheka peke yangu kule atelie. Nilisema, aliyechora hii hajalala Beni hata siku moja.

Sikumwuliza mtu. Nilifanya yangu: bati, kufungukia ndani, makomeo mawili kwa kila mlango, madirisha juu karibu na dari, nondo za kutosha jela mbili. Mkuu wa kituo alipolalamika nilimjibu kwa ile sauti ya fundi unayoijua, inayomfanya mteja aone haya.

"Docteur, bagonjwa nabo iko batu. Adui akikuya, bo banazuia mulango na nini, na sala?"

Akaniacha niendelee. Nadhani naye alikuwa na hofu kama sisi sote, na hofu yangu ilikuwa na mashine ya kuchomelea.

Nataka unielewe hapa, si ili unihurumie. Sikufanya kwa ubaya. Sikutaka kubana vifaa, niliweka hata vya ziada. Nilifanya kwa huruma. Niliwajengea nyumba ya kumzuia adui anayetoka nje, na sikujiuliza hata mara moja itakuwaje kwa mtu ambaye adui yake ameshaingia naye ndani. Ningeweza kuuliza. Kulikuwa na wauguzi pale, kulikuwa na wagonjwa wenyewe, na wengi wao wakitulia wanazungumza kwa busara kuliko mimi.

Siku jengo lilipofunguliwa nilikuwa pale narekebisha bawaba. Waliletwa watu wanne wa kwanza. Mzee mmoja wa upande wa Mbau alitazama nondo za dirisha kwa muda mrefu, halafu akamwuliza Kahindo, "Mama, mi nilifanya kosa gani?" Na kulikuwa na mwanamke ambaye kila mlango ulipofungwa aliingia chini ya kitanda. Bati hulia, Masika. Sisi mafundi wa vyuma hatuisikii sauti yake kwa sababu tunashinda ndani yake kutwa. Nilimwambia, "Mama, toka, ni mulango tu." Alinitazama kama unavyomtazama mtoto anayecheza karibu na mafuta ya moto. Nikarudi kwenye bawaba zangu.

Kahindo ndiye aliyeona hatari mapema. Wakati ule alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mwenye kucheka kwa sauti. Wiki chache baada ya kufungua alikuja Mususa kwa miguu akiwa na nguo zake za kazi, akasimama nje ya atelie mpaka nilipozima mashine.

"Papa Kambale, ile makomeo, ma-verrou ya ndani, utakuya kuitosha ku milango siku gani?"

"Iko na shida gani?"

"Mugonjwa akijifungia, mi naingia wapi? Mulango unafungukia ndani. Ku dirisha kuko bifer, zile nondo zako. Na mi niko peke yangu na bagonjwa munane."

"Mais banalala, ao hapana?"

Alifikiri kabla ya kujibu. Ni mtu wa haki, hata siku ile.

"Banalala, ndiyo. Kuko benye hawakulala tangu mwezi muzima. Sasa banafunga, banalala. Njo maana mi sikuambie utoshe tu. Tafuta namna ingine, weye fundi."

"Jumatatu nitakuya."

Jumatatu nilikuwa na geti la mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Kimemi, geti lenye maua ya chuma na simba wawili. Simba wa kwanza alitoka vizuri. Wa pili alitoka na uso wa mbwa, nikamrudia mara tatu. Jumatatu iliyofuata ilinyesha. Ile nyingine sikumbuki. Kahindo alituma ujumbe mara mbili, na mara zote mbili nilijibu ndiyo, nakuya.

Ni katika majuma hayo mama yako alipozidiwa. Wewe uliambiwa ni malaria. Kanisani pia nilisema ni malaria, sokoni nikasema ni tumbo, na kwa mama yangu mwenyewe nikasema amechoka. Ukweli ni kwamba kaka zake wawili walikuwa wameuawa kwenye shamba lao la kakao, na tangu siku ile hakulala. Alikaa kitandani ameegemea ukuta, akisikiliza. Alikuwa akiniambia kwamba wako uani, na mimi nilitoka na tochi, nikarudi, nikamwambia hakuna mtu, na baada ya muda akaniambia wako uani. Mficha uchi hazai, na mimi nilificha miezi mitano. Nilimpeleka kwanza kwenye chumba cha maombi akafungishwa siku tatu bila kula. Alirudi amekonda, na walio uani walikuwa wameongezeka.

Nilipomleta kituoni, nilimchagulia mwenyewe chumba cha tatu, kwa sababu komeo la pale lilikuwa limetoka laini kuliko yote. Nilimshika mkono nikauweka juu ya chuma.

"Kavira, ona. Hapa hakuna mutu ataingia kama weye hautaki."

Alilisukuma, likaingia. Akalivuta, likatoka. Akalisukuma tena. Kisha akatabasamu, mara ya kwanza baada ya miezi mitano, na akaniambia, "Wasingya." Asante. Nilirudi nyumbani nikiimba juu ya pikipiki. Ulikuwa umekaa kizingitini ukaniuliza mama atarudi lini, na mimi nikakuambia kabla ya Pasaka.

Ndiyo maana nimekuwa nikitoka kanisani kila Pasaka kabla ya sala ya mwisho. Ulidhani ni mgongo.

Siku ya kumi na moja, mchana, Kahindo alikuwa anagawa sahani za chakula. Akakuta mlango wa tatu umefungwa. Akaita. Akaita tena. Akaweka sahani chini akasukuma kwa bega. Mama yako alikuwa amesogeza kitanda nyuma ya mlango, vilevile kama nilivyowafundisha watu wote wa Beni. Sitaandika alichokuwa amefanya huko ndani, na wewe usimwulize mtu. Kahindo alikwenda dirishani akakuta nondo. Akavunja kioo, akazungumza naye, hakujibiwa. Akatuma mtu wa pikipiki kuja kuniita, kwa sababu hakuna aliyekuwa na mashine ya kukata bati lile isipokuwa aliyeliweka.

Nilifika nikaanza kukata mlango wangu. Disiki ya kwanza iliisha. Nikaweka ya pili. Kahindo alikuwa amelala chini kando yangu, cheche zikimwangukia nywelani, ameingiza vidole chini ya mlango, akisema, "Kavira, niko hapa. Niko hapa." Hakuacha kusema mpaka mlango ulipoanguka. Kazi yangu ilikuwa nzuri, Masika. Tulichelewa.

Ukoo wa mama yako ulikaa hapa sebuleni baada ya mazishi. Mjomba mkubwa aliuliza ni nani alikuwa kazini. Wakamjibu, Kahindo. Akauliza, "Na ufunguo ulikuwa na nani?" Mtu mmoja nyuma, simjui hata leo, akasema, "Ufunguo ni infirmière njo anabebaka." Ndivyo ufunguo ulivyozaliwa. Komeo la ndani halina ufunguo, mtoto yeyote wa Mususa anajua. Nilitakiwa kufungua mdomo tu. Nilitazama viatu vyangu. Nikajiambia nitasema baada ya matanga. Kisha nikajiambia nitasema ukimaliza shule ya msingi, kisha ukimaliza sekondari. Uongo ule sikuuzaa mimi, lakini mimi ndiye niliyeulea mpaka ukaota meno.

Kituo kiliogopa ukoo, kikamwachisha Kahindo kazi. Hakuna mahali pengine palipomchukua. Nani atamchukua mwuguzi aliyemfungia mgonjwa akaondoka na ufunguo?

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu tulipokutana naye sokoni. Alikusalimu kwa jina lako. Ukatema mate karibu na miguu yake. Aliinama, akafuta kiatu kwa ncha ya kitenge, akaenda zake, na mimi nikakushika mkono tukaenda kununua daftari. Najua sasa hivi unakumbuka, na najua moyo unakuuma. Usiubebe huo mzigo. Mate yalikuwa yako, kosa lilikuwa la aliyekushika mkono. Wazee husema majuto ni mjukuu. Mimi nimeshindwa hata kungoja mjukuu, yangu yamenikuta katika mtoto.

Utaniuliza baada ya hapo nilifanya nini. Nilirudi kituoni na kung'oa makomeo yote, nikawaambia ni agizo jipya. Yule mzee wa Mbau aliketi kitandani akinitazama nikifanya kazi. "Donc sasa munatuacha inje," alisema. Hakuwa amekasirika. Juma lile lile wakaanza kukesha tena, mmoja baada ya mwingine, na wengine walivuta vitanda mpaka mlangoni wakalala wameubana kwa miguu. Niliwaondolea kitu kinachoweza kuwaua nikawaondolea pia kilichowalaza, maana vilikuwa kitu kimoja.

Miezi mingi baadaye nilikuwa nafunga mlango wa choo cha duka moja, na nikiwa nimepiga magoti pale mbele ya choo, nikaliona jibu. Komeo moja tu. Mtu aliye ndani analifunga kwa mkono wake mwenyewe. Upande wa nje lina tundu dogo, mwuguzi anachomeka kipande cha chuma, anazungusha, linafunguka. Na mlango ufungukie nje, kitanda kisiweze kuuzuia. Basi. Ni kazi ya nusu siku kwa vyumba vyote. Ndiyo ile "namna ingine" aliyoniomba Kahindo. Nilikaa chini sakafuni mwa choo cha watu, mwenye duka akadhani nimepatwa na presha. Nusu siku. Yule simba wa pili alinichukua juma zima.

Nilitengeneza manane nikayapeleka. Sikumkuta mtu. Mashambulizi yalikuwa yamesogea mpaka karibu na barabara, wagonjwa na wauguzi walikuwa wamekimbia, na jengo lilikuwa limebaki kuta. Hata milango yangu ilikuwa imekwenda, sijui iko kwenye nyumba ya nani. Makomeo yale manane nimeyauza kama chuma chakavu. Wagonjwa wa siku zile, wengine nawaona barabarani, wengine wamefungwa kamba nyuma ya majiko ya ndugu zao, na ndugu si wabaya, hawana tu pa kuwapeleka. Yule mwanamke wa chini ya kitanda sijamwona tena.

Sitakudanganya kwamba ninaona mwanga. Sioni. Ukisoma miaka mitano, ukirudi, ukijenga jengo zuri kuliko yote, inatosha wanaume ishirini wenye mapanga kutokea msituni asubuhi moja na jengo lako litabaki kuta. Nimewaza jambo hili mara nyingi na sijalipatia jibu. Wakati mwingine nikikuona umeinamia karatasi zako nataka kukuambia uache, usome ushonaji. Lakini sikuwa na haki ya kukukatisha tamaa na huku nimekuficha kitu, kwa hiyo nilikuwa nakuletea chai.

Kama utaendelea, na sikuombi uendelee, usiondoe milango. Uliiondoa kwa sababu yangu. Mtu aliyekimbia mapanga hawezi kupona nyuma ya pazia, atakaa macho akilitazama likipepea. Anahitaji kufunga kwa mkono wake mwenyewe, na mwingine aweze kumfikia. Mambo hayo mawili lazima yakae ndani ya mlango mmoja, na usimwamini mtu yeyote, hata profesa, atakayekuambia uchague moja. Na ulale kitandani kabla ya kuchora dirisha. Mimi nilipima vyumba vyote nikiwa nimesimama, na penseli sikioni. Siku nilipolala juu ya kitanda cha mama yako, baada ya mazishi, niliona alichokuwa anakiona kwa siku kumi na moja: bati, nondo, na kipande cha mbingu kama kiganja. Bustani ilikuwa hatua tatu nyuma ya ukuta. Alikuwa anapenda kulima.

Jambo jingine, maana kalamu bado inatembea. Ndugu wanaokaa na mgonjwa na kumpikia, wale garde-malades, sisi tuliwaweka nje ya ukuta wasilete fujo. Siku ya tisa nilikuja na sombe ya majani ya muhogo na samaki, nikakaa nje kwenye jiko la mawe na wengine. Moshi ulikuwa unapita juu ya ukuta unaingia ndani. Baadaye Kahindo aliniambia kwamba mama yako alisikia harufu akasema, "Kambale anapikaka na chumvi mingi." Alijua niko pale. Hakuniona, wala mimi sikumwona. Nilikabidhi sahani mlangoni nikaondoka, kwa sababu simba alikuwa ananingoja.

Jana nilikwenda Kimemi kwa Kahindo. Ulidhani nimekwenda kuulizia gari. Anaishi chumba cha nyuma kwa dada yake, anatwanga sombe na kuuza. Amekonda, na hacheki tena kwa sauti. Nilimkuta kinuni. Nilisimama nikamwambia yote: makomeo, Jumatatu, simba, ufunguo ambao haukuwapo, viatu vyangu nilivyovitazama. Alikuwa akitwanga mpaka nilipomaliza.

"Papa Kambale, mi nilikuwa pale," alisema. "Mi njo nilikuyaka kwako Mususa. Unafikiri mi hapana jua?"

"Sasa sababu gani haukusema? Balikufukuza ku kazi. Batu balikutukana."

"Nilitaka kusema. Siku ya matanga nilifika mpaka kwenu, ku mulango. Nilikuwa na hasira mingi, nilitaka nikulalamikie mbele ya ukoo muzima. Nikaona mutoto eko ku magoti yako. Alikuwa amekamata chemise yako na mikono yote mibili, hivi." Akaacha mchi, akanionyesha kwa mikono yake, ngumi mbili zimebana hewa kama shati. "Nikasema, huyu mutoto amezika mama jana. Mi nikisema, leo anazika baba. Nikarudia kwetu."

Ee Nyamuhanga, Mungu wetu, mtu anaweza kusema nini hapo? Niliomba msamaha, maneno yakatoka madogo.

"Ile, acha kwanza," alisema. "Yule mutoto sasa eko na miaka ngapi?"

"Makumi mbili."

"Donc eko mukubwa."

Akachukua mchi akaendelea kutwanga.

Nimekuwa baba yako miaka kumi kwa sababu mwanamke mmoja aligeuka mlangoni akarudi kwake. Kila ulichonifanyia mimi, chai uliyonipikia, mashati uliyonifulia, ile zawadi ya saa uliyoninunulia ulipopata diploma, ulimfanyia mtu ambaye Kahindo aliamua akuachie. Alilipa kwa kazi yake na kwa jina lake, na aliyetemewa mate ni yeye.

Sasa wewe ni mkubwa. Kwa hiyo barua hii sitaificha begini uikute Kinshasa, ambako huwezi kunijibu. Nitaiweka mezani, utaiona ukija kunywa chai. Dereva nimemwomba aje mapema, kama utataka kupita Kimemi kwanza. Shangazi yako anaijua nyumba. Mjomba wako Kasereka nimemwambia ajitayarishe kukusindikiza mpaka Mavivi badala yangu, sikumwambia kwa nini. Uwaambie mwenyewe au usiwaambie, sasa habari ni yako.

Mimi nitakuwa chumbani kwangu, nimevaa tayari. Ukitaka tuende wote, niite. Usiponiita, sitatoka.

Baba yako, mpaka hapo utakapomaliza kuisoma barua hii,

Kambale